Tovuti yako inahitaji pacha, na huyo pacha afungiwe ndani

Kuna sentensi moja ambayo kila Mkenya anaijua kama jina lake: "Sistimu iko chini." Utaambiwa hivyo Huduma Centre, utaambiwa benki, utaambiwa hospitali. Unaketi, unangoja, unarudi kesho. Na kwa vile tumezoea, hakuna anayeuliza swali la pili: ilianguka kwa nini, na ni nani aliigusa mwisho?

Tunafaa kuuliza, kwa sababu maisha yetu yote yamehamia huko. Juni 30, 2023 Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali kwenye eCitizen. Oktoba 1, 2024 NHIF ikazikwa na SHA ikaanza kazi, na waliokuwa na mgonjwa wodini wiki hiyo hawahitaji nikueleze ilivyokuwa. Paspoti, cheti cha tabia njema, leseni, pesa za chuo, yote sasa yanapitia kwenye skrini. Skrini ikigoma, umekwama.

Na usidhani hii ni stori ya gava pekee. Wewe unayeuza viatu kwa tovuti yako ya WordPress, ama wewe unayetengenezea watu tovuti ukiwa kejani Roysambu, uko ndani ya mchezo huu huu. Unapobonyeza "sasisha" kwenye tovuti ambayo wateja wanaitumia saa hiyo hiyo, unafanya kile kile tunachowalaumu wakubwa: unawafanya watu panya wa maabara.

Dawa yake si siri. Ni nakala ya majaribio. Unachukua tovuti nzima iliyo hewani, unainakili, unaiweka pembeni mahali umma haufiki, kisha mabadiliko yote unayafanyia huko kwanza. Ikilipuka, imelipukia pembeni. Hakuna makanga anayebadilisha gurudumu gari likiwa mwendoni Thika Road na abiria ndani. Lakini kwa tovuti tunafanya hivyo kila siku, halafu tunashangaa watu wakirushwa nje.

Tuanze na nyumbani. Uchaguzi wa Machi 4, 2013 unaukumbuka? Pengine ulikuwa shule ya msingi. Ile skrini kubwa ya Bomas ilikuwa ikionyesha kura zilizokataliwa zikipanda hadi zaidi ya 300,000, na nchi nzima ikaanza kupiga hesabu za ajabu. Baadaye IEBC ikaeleza kwamba kulikuwa na kosa kwenye programu lililokuwa likizidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho ikawa 108,975. Mara nane, buda! Hilo ni kosa ambalo nakala ya majaribio ingelinasa kwa dakika tano: unaingiza kura kumi zilizokataliwa za kubuni, unaona 80, unasema "hebu ngoja kidogo". Badala yake lilinaswa mbele ya taifa zima, miaka mitano baada ya damu ya 2007 na 2008. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kufanyia jaribio.

Hapa niseme jambo kwa haki. Si kila kuanguka kwa mtandao kunatibiwa na nakala. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa, wavamizi waliimwagia maombi mengi ya uongo hadi ikashindwa kuwahudumia watu wa kweli. Hata ungekuwa na nakala kumi kabatini, zisingesaidia. Kwa hivyo mtu akikuuzia nakala ya majaribio kama kinga ya wadukuzi, mkimbie. Kazi yake ni kukukinga dhidi ya mikono yako mwenyewe, na ukiangalia kesi kubwa zilizotokea duniani, mikono ya wenyewe imeharibu vingi sana.

Angalia benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha wateja wake kutoka sistimu ya zamani hadi mpya. Ilikuwa imefanya majaribio, ndiyo. Lakini uchunguzi wa baadaye ukabaini kwamba data ilikuwa ikae kwenye vituo viwili, na majaribio ya kupima uwezo wa kubeba mzigo yalifanyiwa kituo kimoja tu. Wateja milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, wengine kwa wiki kadhaa. Desemba 2022 wasimamizi wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65. Ukitaka kujua bei ya nakala isiyofanana na tovuti yenyewe, basi ndiyo hiyo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha GitLab, kampuni ambako maelfu ya mafundi huweka kodi zao. Januari 31, 2017, usiku, injinia mmoja alikuwa akipambana na databesi iliyokwama. Alitaka kufuta faili kwenye seva ya pili, ile ya akiba. Kumbe dirisha lililokuwa mbele yake lilikuwa la seva kuu. Akabonyeza. Baada ya sekunde moja au mbili akashtuka na kusimamisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimesalia 4.5.

Hakuna shida, si kuna bakapu? Wakaangalia ya kwanza: ilikuwa imefeli kimyakimya kwa muda, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo tofauti na databesi. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Picha za diski kwa upande wa databesi zilikuwa hazijawashwa. Njia moja baada ya nyingine, hakuna iliyokuwa tayari.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa sita hivi kabla ya ajali, mtu alikuwa amechukua picha ya databesi kwa mkono ili kuipeleka kwenye nakala yao ya majaribio. Hiyo ndiyo waliyorejesha, tena polepole kwa sababu nakala ilikuwa kwenye diski za bei rahisi. Walikaa chini kama saa 18, wakapoteza kazi ya saa sita za watu, huku wakirusha zoezi la uokoaji mubashara YouTube. (Hilo nawavulia kofia. Nionyeshe shirika moja la hapa Kenya lingethubutu.)

Kuna kitu kidogo kwenye kisa hicho ambacho watu huruka. Nakala yao ya majaribio ilikuwa na tabia ya kufuta viunganishi vyote vinavyotuma taarifa nje, ili isije ikaanza kuwapigia kelele wateja wa kweli. Usiku huo iliwaletea kazi zaidi, kwa sababu viunganishi hivyo navyo vilihitaji kutafutwa kwingine. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sawa kabisa: nakala haifai kuwa na mdomo.

Sasa tushuke kwako. Tuseme una duka la mtandaoni la WordPress, kwa sababu wengi wetu ndiko tulipo. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, na hiki ni kitu ambacho hakuna mhadhiri aliyewahi kunitajia, kwa hivyo usijione mshamba kama hukijui.

Kwanza chukua bakapu, uishushe kwenye kompyuta yako, isikae tu kwa hosti. Halafu tengeneza anwani ya pembeni ndani ya jina lako, kitu kama neno "jaribio" na nukta mbele ya anwani ya duka. Hosti wengi wa hapa wanakupa cPanel, na ikiwa ina Softaculous, kuna kitufe cha kutengeneza nakala kwa mibofyo michache. Kama haina, iko plagini inaitwa WP Staging. Toleo lake la bure linatosha kuanza.

Ukiamua kufanya kwa mkono, kuna mitego miwili inayowamaliza watu. Mtego wa kwanza ni databesi. Ukinakili faili peke yake, nakala yako itaendelea kusoma databesi ile ile ya duka halisi. Utafuta bidhaa ukidhani uko kwa majaribio, kumbe umezitoa dukani. Lazima utengeneze databesi ya pili, yenye jina lake na pasiwadi yake, kisha uifungue faili ya wp-config ya nakala na kuielekeza huko. Mtego wa pili ni anwani. WordPress huandika anwani ya tovuti mahali kwingi ndani ya databesi, na sehemu zingine huandika pia idadi ya herufi zake. Ukibadilisha kwa mkono kama unayetafuta neno kwenye insha, hesabu ya herufi inavunjika na mipangilio yako inapotea. Tumia zana iliyotengenezewa kazi hiyo, WP-CLI kwa mfano, ambayo inarekebisha hesabu yenyewe.

Toleo la PHP liwe moja pande zote mbili. Ulikiona kilichompata TSB.

Halafu ipake nakala rangi nyingine. Sitanii. Weka utepe mwekundu juu kabisa, ulioandikwa MAJARIBIO kwa herufi ambazo hata mtu mwenye usingizi ataziona. Yule injinia wa GitLab hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, na madirisha mawili yalifanana.

Ukishamaliza hapo, ifunge mdomo. Duka la mtandaoni hujiendesha lenyewe: linatuma risiti, linakumbusha waliosahau mkokoteni, linatuma "oda yako iko njiani". Nakala nayo inarithi ratiba hizo zote. Kuna duka moja la viatu mjini, jina nawahifadhia, ambalo nakala yake iliwatumia wateja wa zamani barua pepe kwamba mzigo wao umetoka. Watu wakaanza kupiga simu wakiuliza mbona hawaoni viatu ambavyo hawakununua. Ziko plagini za kuzuia barua pepe zote. Weka moja kabla hujafungua kitu kingine chochote.

Na M-Pesa. Hapa ndipo moyo hudunda. Daraja ya Safaricom ina pande mbili: ya majaribio na ya kweli, kila moja na anwani zake na funguo zake. Upande wa majaribio unapewa namba ya biashara ya kufanyia mazoezi, ile 174379 ambayo kila developa Mkenya ameiandika hadi vidole vikaikariri. Ukinakili duka lako, funguo za kweli zinakuja pamoja na mzigo. Ukijaribu kulipa kwenye nakala bila kuzibadilisha, ile ombi ya kuweka PIN inatokea kwenye simu ya mtu halisi na pesa yake halisi inatoka. Toa funguo hizo, weka za majaribio, kisha hakikisha anwani ya kupokea majibu ya malipo nayo imeelekezwa kwenye nakala. Watu hubadilisha funguo na kusahau hiyo.

Sasa twende kwa kile kinachofanya nakala iwe hatari kuliko tovuti yenyewe.

Septemba 2015 wadukuzi waliingia Patreon, ile tovuti ambako mashabiki huwachangia wasanii. Hawakupitia mlango wa mbele. Walipitia toleo la kutafutia makosa ambalo lilikuwa wazi kwa umma, na seva hiyo ilikuwa imebeba picha ya databesi halisi. Majina, barua pepe na anwani za watu zikaishia mtandaoni. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, ule wa jikoni ulikuwa umeegeshwa tu.

Utaniambia, "Lakini hakuna anayeijua anwani ya nakala yangu." Anajulikana, msee. Ukichukua cheti cha usalama cha anwani hiyo, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, jina lake linaandikwa kwenye daftari la umma ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Kuna roboti ambazo kazi yao ni kusoma daftari hizo mchana na usiku zikitafuta maneno kama "test" na "dev". Kile kisanduku cha WordPress cha kuwaambia Google wasiorodheshe tovuti ni ombi la adabu tu, hakizuii mtu. Weka pasiwadi kwenye folda nzima kupitia hosti, ili kabla ya kuona hata nembo yako mtu aombwe kitambulisho.

Na data yenyewe ipunguze. Mteja alikupa jina, namba ya simu na mtaa anaoishi ili aletewe viatu. Hakukupa ili rafiki yako wa Rongai ajifunzie kodi nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivyo hivyo kwa lugha ya mawakili: taarifa za mtu zitumike kwa kazi aliyozitolea, na zisizidi kiasi kinachohitajika. Zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Sheria haisemi "isipokuwa kama ilikuwa ni nakala tu". Kwa hivyo ukishanakili, wageuze wateja wawe Mteja 1, Mteja 2, Mteja 3. Namba za simu zifute kabisa, usibuni za kichwani, kwa sababu hiyo uliyobuni inaweza kuwa ya mama wa watu huko Kitale.

Mabadiliko yakishakubali kwenye nakala, watu wengi wanafanya kitu kimoja cha kusikitisha: wanachukua nakala nzima na kuirudisha juu ya tovuti. Fikiria. Ulinakili Jumatatu, ukafanya kazi hadi Alhamisi. Kwa siku hizo tatu duka limepokea oda na malipo. Ukirudisha databesi ya Jumatatu, umezifuta zote, na wateja watakuja na ujumbe wa M-Pesa mkononi wakikuuliza mzigo uko wapi. Kinachopanda kutoka kwenye nakala ni kodi na muundo. Data ya wateja haipandi. Mipangilio uliyobadilisha kwenye nakala iandike kwenye karatasi, uirudie kwa mkono kwenye tovuti, saa ambayo wateja wamelala.

Najua kinachozuia hii yote. Ni pesa na haraka. Mteja anakupigia saa mbili usiku, anataka bei zibadilike kabla ya asubuhi, na anakulipa doo ya nauli. Ukimtajia nakala anasema, "Si ubadilishe tu chap chap?" Kama wewe ni fundi, acha kuibeba kama sadaka. Iandike kwenye kwotesheni kama mstari wake, na bei yake, kabla kazi haijaanza. Mteja akiifuta, afute mwenyewe kwa kalamu yake. Na kama wewe ndiye mwenye duka, kabla ya kulipa deposi muulize fundi wako mabadiliko atayafanyia wapi. Akikuambia "papo hapo", umejua unanunua nini.

Swali hilo hilo linafaa kupelekwa juu. Kila sistimu ya umma inapozinduliwa tunaonyeshwa utepe, mkasi na hotuba. Hatuonyeshwi majaribio. Mwaka wa 2013, Oktoba 1, Marekani ilizindua healthcare.gov kwa mbwembwe za aina hiyo hiyo. Siku ya kwanza watu sita pekee ndio walifaulu kujisajili hadi mwisho. Wanakandarasi wakaenda kueleza bungeni kwamba jaribio la sistimu yote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, lilifanywa wiki mbili tu kabla ya kufungua milango. Angalau kule waliulizwa hadharani na majibu yakaandikwa. Hapa kamati za Bunge zikiwaita watu wa SHA huuliza sana kuhusu mabilioni, na ni sawa, lakini hata wao wanafaa kuuliza: kulikuwa na nakala? Ilijaribiwa na watu wangapi kwa wakati mmoja? Iliangukia wapi?

Na mtihani mkubwa uko mbele yetu. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 44, inaitaka IEBC ijaribu na kuthibitisha teknolojia yake angalau siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka wa 2022 tume ilifanya jaribio la kutuma matokeo Juni, na Agosti fomu za 34A kutoka vituo 46,229 zikawekwa mtandaoni kila mtu azisome. Hapo walipanda daraja, tuseme ukweli. Ila jaribio la siku moja mbele ya kamera, kutoka vituo vichache, ni kama TSB kupima kituo kimoja kati ya viwili.

Kura ni Agosti 10, 2027. Rudi nyuma siku 60 unafika Juni 11. Kabla ya tarehe hiyo tume inafaa kutuonyesha nakala ikibebeshwa mzigo wa vituo vyote kwa usiku mmoja, kura za kubuni zikiingizwa upande mmoja na hesabu ikitoka upande wa pili, na orodha ya mahali ilipofeli ikichapishwa pamoja na mahali ilipofaulu. Zikiwemo zile kura kumi zilizokataliwa.